Kabla ya mkopo, jina: jibu kwa katibu wa kikundi cha akina mama wafugaji, Kilindi, mkoani Tanga

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wafugaji huku Kilindi. Tuko kumi na wawili, tunauza maziwa na shanga. Nilisikia redioni kuwa serikali ya Kanada inavipa fedha vyama vya wanawake wa asili wapiganie haki zao. Sisi tulipokwenda kuomba mkopo wa halmashauri tuliambiwa turudi na barua za waume zetu. Na mwenzetu mmoja kafiwa na mume mwezi wa tatu, mashemeji wameshaleta mtu wa kumpimia shamba. Je, serikali yetu ina mpango gani na wanawake wa jamii zetu? Na sisi tunahesabika kuwa watu wa asili?"

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza mambo matatu na kunisimulia la nne, na hilo la nne ndilo lililonikosesha usingizi. Shamba la mjane linapimwa. Mkopo unaweza kusubiri mwezi, Kanada inaweza kusubiri, lakini kamba ikishapita shambani na fedha zikishabadilishana mikono, mwenzenu atatumia miaka kurudisha kitu ambacho leo kinalindwa kwa karatasi moja. Kwa hiyo naanza na huyo.

Aende kwa mtendaji wa kijiji kesho asubuhi, asiende peke yake, nendeni wanne au watano. Apeleke malalamiko yaliyoandikwa: jina lake, jina la marehemu, shamba liko wapi, linapakana na nani, nani kaja kulipima na siku gani. Abaki na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Mtendaji akisema "nimekusikia mama, nenda nyumbani", msiondoke bila muhuri. Ardhi ya kijiji haihami kwa maneno ya shemeji na mnunuzi chini ya mwembe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, uhamisho wa haki ya kimila unapita kwenye halmashauri ya kijiji, nayo ndiyo inayoridhia au kukataa. Halmashauri ikishakuwa na malalamiko yake mezani, haiwezi tena kusema haikujua.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 20(2), inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, kukaa juu yake au kuitumia ni batili. Nakuomba ukipata nafasi ukisome kifungu hicho kwa sauti mbele ya kikundi, maana nimeona akina mama wengi wanaojua kwamba "kuna haki" lakini hawajawahi kuambiwa imeandikwa wapi. Kingine ni kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huo huo wa 1999: mwanandoa aliyetoa jasho lake katika kuilima, kuitunza na kuiendeleza ardhi iliyo kwa jina la mwenzake anahesabika kuwa na sehemu yake humo. Mwenzenu amelima pale miaka mingapi? Nani alichimba mashimo ya ua? Majirani wanaojua hayo ni mashahidi wake, waandikwe majina sasa, wakati kumbukumbu ingali mbichi.

Kisha mirathi. Mpaka mahakama iteue msimamizi, hakuna shemeji, mjomba wala kaka mkubwa mwenye mamlaka ya kuuza shamba au ng'ombe wa marehemu. Mjane mwenyewe anaweza kuomba usimamizi Mahakama ya Mwanzo. Anahitaji cheti cha kifo, na mara nyingi mahakama huulizia muhtasari wa kikao cha ukoo. Hapo ndipo wajane wengi hukwama, kwa sababu ukoo unagoma kukaa, au unakaa na kumchagua yule yule anayeuza. Ajue kwamba kikao cha ukoo ni desturi inayoisaidia mahakama kumjua mtu sahihi. Ukoo ukigoma, aende hivyo hivyo akaeleze mahakamani kwamba umegoma. Na kama mwingine ameshatangulia kufungua mirathi, aweke pingamizi kabla ya siku ya kusikilizwa. Msimamizi yeyote atakayeteuliwa anatakiwa kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne, kwa hiyo mwenzenu na aanze orodha yake mwenyewe leo: ng'ombe wangapi, wa rangi gani, alama za masikio, wapi ni wale wa nyumba yake aliokabidhiwa alipoolewa. Katika mila zenu ng'ombe wa nyumba ya mke hujulikana. Wazee wanawajua hata kwa majina. Hiyo ni mila inayombeba, aitumie.

Nikufiche nini? Kuna sehemu sheria zetu zenyewe hazijanyooka. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, linalohusu koo zinazofuata ubabani, linasema mjane mwenye watoto hapati fungu lake katika urithi, sehemu yake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Kitanzania walilipinga hapa nyumbani, hawakufanikiwa, wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa na kuitaka nchi yetu irekebishe sheria hizo. Ndiyo sababu nakusisitizia ardhi na jasho la ndoa zaidi ya neno urithi: kule mlango ni mpana. Kama marehemu alikuwa Mwislamu na aliishi hivyo, hesabu inabadilika, mjane mwenye watoto ana thumuni yake, yaani fungu moja kati ya nane, na wajane wakiwa zaidi ya mmoja wanagawana fungu hilo.

Nao wanaosema "mila za Tanga hazimpi mwanamke ardhi", waulizeni mila za nani. Majirani zenu Wazigua na Wanguu wamehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu enzi. Tanga haijawahi kuwa na mila moja.

Sasa Kanada. Ulichosikia ni kweli, lakini redio imekusimulia mwisho wa hadithi. Kwa miongo mingi sheria ya kule iliyosimamia watu wa asili ilikuwa na daftari. Aliyeandikwa alikuwa na haki ya kukaa kwenye ardhi ya jamii yake. Mwanamke wa asili akiolewa na mwanamume asiye kwenye daftari, jina lake lilifutwa, na watoto wake hawakuandikwa. Mwanamume wa asili akioa mwanamke wa nje, jina lake lilibaki na mkewe akaongezwa. Jeannette Corbiere Lavell alilipeleka jambo hilo mahakamani, akashindwa kwenye mahakama ya juu kabisa mwaka 1973. Mwaka uliofuata wanawake wakaunda chama chao cha kitaifa. Sandra Lovelace, ambaye ndoa yake ilivunjika na akakosa pa kurudi kwenye ardhi aliyozaliwa, akaenda Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 kamati ya haki za binadamu ikasema Kanada imemkosea. Sheria ikabadilishwa mwaka 1985, na zaidi ya watu 100,000 wakarudishiwa majina yao. Mabaki ya ubaguzi huo yaliendelea kufukuzwa kwenye sheria hadi mwaka 2019. Ni zaidi ya miaka arobaini tangu Lavell asimame mahakamani.

Na fedha hizo zinakwenda mahali penye msiba. Mwaka 2014 polisi wa kule walihesabu wanawake na wasichana wa asili 1,181 waliouawa au kupotea kati ya mwaka 1980 na 2012. Ikaundwa tume ya kitaifa, ikatoa ripoti mwezi Juni 2019 yenye wito 231 wa haki, na vyama vya wanawake bado vinaidai serikali yao utekelezaji. Sikwambii haya ili usitamani msaada wao. Nakwambia kwa sababu wale akina mama walianza kwa kudai jina kwenye daftari, fedha zikafuata, na huku kwetu nimeona tunataka kuanza na fedha.

Kuhusu kama mnahesabika watu wa asili: serikali yetu haitumii jina hilo kwa kundi moja. Msimamo wake wa muda mrefu ni kwamba Watanzania wenye asili ya Afrika wote ni wa asili. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 169 wa mwaka 1989, unaohusu watu wa asili, Tanzania haijauridhia. Lakini mwaka 2007 Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili lilipopigiwa kura, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 144 zilizosema ndiyo. Nayo Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inapozungumzia jamii za asili, haiulizi nani alifika kwanza. Inaangalia watu ambao maisha yao yanategemea ardhi na malisho au msitu, na walioachwa nyuma kwa sababu ya maisha hayo. Hapo mpo nyinyi, na wapo majirani zenu Waakie, watu wa kuwinda na kurina asali, ambao hata hapa mkoani wengi hawajui kama wapo.

Msibishane na mtendaji juu ya jina. Mtapoteza siku. Litumieni pale linapofanya kazi, hasa kwenye miradi mikubwa. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia ina masharti ya kuzishirikisha jamii za jadi zilizoachwa nyuma kihistoria, na mashirika mengine makubwa ya fedha yana masharti yanayofanana na hayo. Bomba la mafuta linalotoka Uganda linaishia hapa kwetu Chongoleani baada ya kilomita 1,443, na limepita katika wilaya yenu. Likija jingine la namna hiyo, ulizeni mapema: mkutano wa wanawake peke yao ni lini, mkalimani wa Kimaasai yuko wapi, fidia inaingia kwenye akaunti ya nani, na mke amesaini wapi. Tena Tanzania iliridhia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985, na mwaka 2022 kamati ya mkataba huo ilitoa mwongozo wake wa 39, wote kuhusu wanawake na wasichana wa asili. Serikali inaporipoti kwa kamati hiyo, asasi za wananchi zinaruhusiwa kupeleka taarifa yao. Barua ya kikundi cha watu kumi na wawili kutoka Kilindi inaweza kuwa ndani yake.

Haya, mkopo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya fedha kupotea kwenye vikundi hewa, ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mkali zaidi. Ukali huo ni halali: watakagua kama kikundi kipo kweli, kimesajiliwa, kina katiba na akaunti ya benki, na biashara yenu inaonekana kwa macho. Lakini kifungu kile hakimtaji mume. Mwanamke mwenye miaka 18 ni mtu mzima mbele ya sheria, na Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kubaguliwa kwa jinsia. Rudini kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kwa heshima, mkamwombe awaonyeshe kanuni inayotaka barua ya mume, au awaandikie kwamba ameikataa fomu kwa sababu hiyo. Kwa uzoefu wangu, mtu akiombwa kuandika, sharti lisilo na msingi huyeyuka palepale. Lisipoyeyuka, barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani wenu na diwani wa viti maalumu.

Nami niliwahi kukaa upande ule wa meza, najua jinsi sharti la namna hiyo linavyozaliwa. Kikundi kimoja cha wafugaji kilihama na mifugo wakati wa kiangazi, marejesho yakakwama, aliyesimamia akapata barua ya kujieleza, na tangu siku hiyo akaanza kudai waume wawadhamini wake zao. Alikuwa anaogopa. Kwa hiyo mpeni kitu cha kumtoa hofu: pangeni marejesho yafuate maziwa. Andikeni kwenye andiko lenu kwamba miezi ya mvua mtarejesha zaidi na kiangazi kidogo, muonyeshe daftari la mauzo la miezi sita, lita ngapi, shilingi ngapi, nani mnunuzi. Maziwa kwenye boma ni ya mama toka zamani, hakuna mwanamume wa Kimaasai atakayebisha hilo, na kwa kikundi chenu huo ni mtaji kuliko barua yoyote. Msianze na mkopo mkubwa. Na msikubali mtu wa mjini awaandikie andiko kwa malipo ya asilimia. Ukiandika mwenyewe kwa Kiswahili cha kawaida linatosha.

Kwa kaya zenye hali ngumu kabisa imekuwepo ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ambayo kwa kawaida hupokelewa na mama wa kaya. Mjane wenu akisha kupata nafuu ya kesi, mwulizeni mratibu lini kaya mpya zitaandikishwa.

Kuhusu kesi, njia imebadilika kidogo na watu wengi bado wanapotea. Baraza la Ardhi la Kijiji linasuluhisha. Lina watu saba na watatu kati yao lazima wawe wanawake, kwa hiyo ingieni muwahesabu. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Likishindwa, linawapa hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, na bila hiyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitawapokea. Lakini siku thelathini zikipita bila usuluhishi, mnaweza kwenda Baraza la Wilaya hata bila hati hiyo, msiendelee kuitwa "njooni wiki ijayo". Gharama ya wakili isiwatishe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, wanafanya kazi bila malipo, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya ina orodha yao.

Akisha kushinda, na Mungu amjalie, asirudi nyumbani na hukumu peke yake. Aombe hatimiliki ya kimila kwa jina lake. Halmashauri ya kijiji inatakiwa kumjibu ndani ya siku 90. Nyinyi wengine wenye waume hai, ombeni majina mawili kwenye hati, la mume na la mke. Nilihudhuria ugawaji wa hati kijiji kimoja, sitakitaja. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti, wanawake wamekaa nje ya turubai na watoto. Majina yalisomwa mpaka jua likaelekea kutua, na mwanamke wa kwanza kuitwa alikuwa bibi kizee ambaye hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile. Fomu zilikuwa zimejazwa kwa "mkuu wa kaya", basi.

Jambo hilo ndilo ninalolifikiria tangu familia kutoka Ngorongoro zianze kuletwa Msomera, pale Handeni, mwaka 2022. Nyumba zilijengwa, mashamba yakapimwa, na watu wana maoni makali juu ya uhamisho wenyewe, mimi pia. Lakini katika boma lenye wake watatu, nyumba moja inaandikwa jina la nani? Mke wa pili akifiwa, atakuwa na karatasi gani mkononi? Kama mna ndugu kule, waulizeni, na waulizane wao kwa wao kabla hati hazijachapwa.

Na nyanda za malisho, ambazo hazigawanywi, zina hati ya pamoja ya kikundi. Kamati yake isiwe ya wanaume watupu. Mnaweza kuingia mlango wa mbele: sheria ya serikali za mitaa inataka robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake, na halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Akina mama kumi na wawili wanaofika mapema, wanaokaa mbele na kudai muhtasari usomwe kabla ya kufunga kikao, hubadilisha mengi. Waombeni wazee wa mila wawepo. Laigwanani, kiongozi wenu wa mila, akisema hadharani kwamba mjane ana shamba lake, inafaa kuliko semina tatu za mjini.

Hujauliza kuhusu mabinti, ila barua ya mwanamke wa kwenu nikiijibu bila kuwataja nitakuwa nimewaacha nje. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, kifungo ni kuanzia miaka 5 hadi 15. Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, na simu 116 ni bure kwa jambo lolote la mtoto. Binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule tangu mwishoni mwa mwaka 2021. Mama yake asikubali kuambiwa vinginevyo.

Nipigie mtendaji akishaweka muhuri, na unisomee alichoandika neno kwa neno. Akikataa kupokea, nipigie vilevile, nitakuja Songe, makao ya wilaya yenu, na basi la asubuhi tuingie ofisini pamoja. Mwenzenu aje na cheti cha kifo, kadi yake ya mpiga kura au kitambulisho cha taifa, na ile orodha ya ng'ombe.